Riwaya ya Kumi na Moja

Basi lilisimama Ilula saa sita mchana, na kabla mlango haujafunguka nyanya zilikuwa zimeshafika madirishani. Ndoo ndogo nyekundu na za bluu zilinyanyuliwa juu, na wenye ndoo huko chini wakipigana vikumbo: "Dada, nyanya! Anko, vitunguu hivi! Mama mchungaji, usinipite!" Ikupa, aliyekuwa anarudi Mbeya kutoka kwenye semina ya wakutubi Morogoro, akanyoosha mikono yote miwili kupokea ndoo yake. Akasahau kwamba kwapani amebana kitabu.

Kitabu kikatoka dirishani.

"Jamani, kitabu changu! Konda, simamisha gari!"

Nani amsikie? Basi lilikuwa limeshakanyaga lami. Alichowahi kuona ni kijana mrefu, jaketi la kahawia, buti za mvua za kijani, anakiokota kitabu, anakipangusa kwa mkono wa jaketi, halafu anatimua mbio nyuma ya basi amekiinua juu. Alikimbia vizuri, huo ni ukweli. Hakufika.

Ikupa aliuma kucha kutoka hapo mpaka Iringa mjini. Kilikuwa kitabu cha maktaba, nakala pekee, tena cha nne kwenye orodha yake. Walipofika Nyololo, simu ikaita.

"Haloo. Hapo ni Maktaba ya Faraja, Ilomba, Mbeya?"

"Ndipo. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Joachim, niko Ilula. Nina kitabu chenu kimeruka dirishani. Namba nimeiona kwenye mhuri."

"Ee Mungu wangu, asante! Kaka yangu, nakuomba, kipe basi lolote la kesho, nitalipokea stendi."

"Sikipi."

"Unasemaje?"

"Nimefika ukurasa wa thelathini. Mjumbe ndio kwanza kapelekwa bomani kwa Wajerumani, unataka nikifunge hapo? Nikimaliza nakileta mwenyewe. Huwa napeleka nyanya Mwanjelwa kila baada ya wiki mbili."

"Ni kitabu cha wasomaji hicho!"

"Na mimi je, dada? Mimi mbuzi?"

Ikupa akacheka, naye hakupanga kucheka. Yule mama aliyekaa siti ya pembeni akamtupia jicho, akatabasamu peke yake.

Sasa mumjue Ikupa. Alikuwa binti wa Kinyakyusa wa miaka ishirini na tisa, mfupi, mwenye sauti kubwa na sweta jekundu ambalo baridi ya Mbeya haikumruhusu alivue. Alisimamia maktaba ya vyumba viwili iliyoanzishwa na walimu wastaafu, yeye na mwenzake Yusta. Na kwa kuwa watu waliingia kusoma magazeti na kutoka, alitenga rafu moja dirishani, akaipa jina: Riwaya za Zamani Tulizokuchagulia. Hadithi za kubuni, lakini za mambo ya kale ya nchi hii: misafara, misheni, vita vya Wajerumani, mashamba ya mkonge, siku za uhuru. Kumi na mbili, kila moja na namba yake. Ndani ya jalada la kila kitabu alibana kadi ya kumshawishi msomaji. Nyuma alibandika karatasi ya mistari, na sheria ilikuwa moja tu: ukimaliza kusoma, unamwandikia msomaji anayefuata mstari mmoja.

Kadi zile ndizo zilizomfanya Ikupa ajulikane Ilomba nzima, na ndizo zilizokuja kumliza. Ikupa alikuwa hawezi kusifia kitu bila kukitia chumvi. "Usianze hiki kama una sufuria jikoni," aliandika kwenye kimoja. Kwenye kingine: "Mume wa sura ya tano afungwe. Njoo tumseme." Watu walicheka, wakaazima. Rafu ikawa inabaki tupu wiki nzima. Ukimwambia Ikupa apunguze maneno, anakuuliza kama unataka kitabu kisomwe au kitiwe vumbi.

Joachim alikuja kama alivyosema. Aliacha Fuso sokoni, akaja na boksi la nyanya begani, kanyoa, kavaa shati jeupe lenye mikunjo ya kwenye begi. Ikupa alikuwa juu ya ngazi.

"Wewe ndiye mwenye sauti?" Joachim akauliza.

"Wewe ndiye mwizi?"

"Nimekirudisha, sasa wizi uko wapi? Na nyuma nimeandika."

Ikupa akashuka, akafungua ukurasa wa mwisho. Kwa mwandiko wa kulala: "Mjumbe angekuwa na mbio kama zangu asingekamatwa. Ila na mimi basi limenishinda."

"Nipe kingine," akasema Joachim. "Nipe cha kwanza, nianze mwanzo kama watu."

Basi ndivyo mambo yalivyoanza. Kila wiki mbili Fuso lilipanda milima na nyanya, likashuka na kitabu. Joachim alisomea kwenye ngazi za Fuso akisubiri wanunuzi, juu ya matenga, shambani zamu yake ya kumwagilia ikiwa haijafika. Na jioni alipiga simu.

"Dada wa maktaba, umekula?"

"Nimekula. Wewe umesoma?"

"Nimesoma mpaka yule padri kazama mtoni. Kwa nini hukuniambia kwamba atazama?"

"Ningekwambia ungesoma?"

"Wewe mwanamke una roho ngumu."

"Ndio maana unanipigia kila siku?"

"Napiga kuulizia padri, mama. Wewe unapokea tu kwa sababu padri hana simu."

Karatasi za nyuma nazo zikaanza kubadilika. Riwaya ya sita aliandika: "Msomaji unayefuata, samahani, mstari huu si wako. Ikupa, ile sketi ya kitenge cha njano usiivae siku ninazokuja, nashindwa kuuliza nilichokuja kuuliza." Yusta aliusoma kwa sauti mbele ya wastaafu watatu waliokuwa na magazeti. Ikupa alitamani sakafu ipasuke. Siku ya safari iliyofuata akaivaa ileile sketi ya njano.

Riwaya ya nane ilipokwisha, Joachim hakuandika kitu. Alimkuta Ikupa nje anafunga madirisha, akasimama mbele yake na kofia mkononi.

"Ikupa, nataka kuleta watu kwenu."

"Watu gani?"

"Usinifanyie hivyo. Watu wa posa."

Mdomo wa Ikupa haukuwahi kushindwa kazi. "Orodha ina vitabu kumi na viwili. Umesoma vinane. Mimi siolewi na mtu anayeacha kitu katikati. Maliza, nitakujibu."

"Vinne tu?"

"Vinne tu."

"Hivyo nitavimeza."

Tangu hapo Ikupa hakutulia. Alipanga rafu, akaipangua. Alinunua kitambaa kwa fundi, akakibadilisha mara mbili. Kila gari kubwa likipita barabarani alichungulia. Joachim akamaliza cha tisa, akamaliza cha kumi. Cha kumi na moja kilikuwa mikononi mwa wasomaji muda wote. Kinarudi asubuhi, mchana kimeshachukuliwa. Ijumaa moja kikarudi, na ndiyo Ijumaa ambayo Joachim alikuwa anakuja. Ikupa akakiweka mezani, akamwambia Yusta, "Akija mpe, mmiminie chai, mimi niko saluni hapo Mwanjelwa. Nataka anikute nimesukwa."

Aliporudi na nywele zake mpya, kiti kilikuwa kitupu. Chai ilikuwa imejaa kikombeni.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka," akasema Yusta. "Nimempa kitabu, akafungua jalada, akasoma ile kadi yako. Akasoma tena. Akaniuliza, 'Hii kaandika nani?' Nikamwambia si huyo huyo mwenye kadi zote. Akachukua kitabu akatoka. Hata kuaga, Ikupa, hakuaga."

Ikupa akapiga simu. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena akiwa njiani, akapiga akiwa anapika, kande zikaungua. Kesho yake na kesho kutwa ilikuwa hivyo hivyo. Akatuma ujumbe: "Joachim, nimekukosea nini? Nambie hata nikome." Alama zile mbili zikageuka bluu na hakuna jibu lililokuja. Hamu ya chakula ikamkimbia. Alikuwa akiingiza vitabu kwenye daftari anaandika jina la Joachim mahali pa jina la kitabu, na Yusta anafuta kimya kimya.

Siku ya tisa kifurushi kikaja kwa basi. Ndani kilikuwa kile kitabu cha kumi na moja, "Aliyewaonyesha Njia", peke yake. Ikupa akaruka mpaka karatasi ya nyuma.

"Za chini nazijua tangu mtoto. Orodha yangu imeishia hapa."

Za chini zipi? Akafungua jalada, akasoma kadi yake mwenyewe, aliyoiandika kabla ya ile siku ya dirishani.

"Riwaya ya vita vya Wajerumani huko Uhehe. Msaliti wa humu si wa kubuni! Aliyewaongoza Wajerumani usiku hadi maficho ya watu wake alikuwepo kweli, na ukoo wake upo hadi leo nyuma ya Ilula, kwenye kilima cha mawe mawili, wanauzia abiria nyanya. Ukinunua kwao, mimina ndoo kwanza uone za chini."

Habari hiyo aliipata wapi? Kwa abiria mmoja waliyekaa naye siti moja mwaka juzi, mtu asiyemjua hata jina. Alisikia, akacheka, akaandika. Kilima hicho hajawahi kukanyaga. Na Joachim, katika maneno yote aliyowahi kumwambia, alisema "nyumbani Ilula" tu. Mawe hakuyataja hata mara moja.

"Yusta," akasema, "kesho fungua peke yako."

Alipanda basi la saa kumi na mbili alfajiri na vitabu viwili kwenye mkoba, cha kumi na moja na cha kumi na mbili. Njia nzima alikuwa anaongea peke yake, anapanga maneno, anayapangua. Makambako akanunua mahindi ya kuchoma, hakuyala. Nyololo alikumbuka "mimi mbuzi?", akageukia dirishani kufuta macho. Saa nane alikuwa ameshashuka Ilula, na wauza nyanya wakamwonyesha njia ya kilimani bila kumuuliza ni ya nini.

Alimkuta Joachim uani anapigilia misumari kwenye tenga. Buti zilezile za kijani. Alimwona, akaendelea kupigilia.

"Joachim."

"Umekosea nyumba. Hapa ni kwa wasaliti."

"Nimekuja kuomba msamaha. Nilisikia kwa abiria kwenye basi, nikaandika. Sikujua kama ni kwenu."

Nyundo ikasimama. "Na hicho ndicho kinachoniuma! Ungejua ni kwetu usingeandika. Ila ingekuwa ni kwa jirani yangu ungeandika. Si ndiyo?"

Yale maneno yote ya njia nzima yakamtoka kichwani. Angeweza kusema hapana. Ikupa akamtazama.

"Ndiyo," akasema. "Ningeandika. Watu wangecheka, nami ningefurahi."

Joachim alitegemea kubishiwa. Alikaa juu ya tenga, akafunika uso kwa viganja. "Shule ya msingi mwalimu akifundisha vita vile, darasa zima linanigeukia. Niliitwa Mwonyeshaji mpaka darasa la saba. Nimepigana, Ikupa, mpaka jino hili likavunjika. Halafu nikapata mahali pamoja duniani ambapo mtu ananiuliza nimesoma mpaka wapi, nacheka, napumzika. Mahali penyewe ndipo nimeikuta kadi."

"Joachim, unagombana na nani huko?" Sauti ya kizee ilitoka jikoni. "Mgeni haachwi juani."

Alikuwa Bibi Verediana, bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu akinyonya. Miaka themanini na kitu, rozari shingoni, kilemba cha bluu, macho yenye ukungu. Ikupa akapiga magoti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kamwene, karibu. Wewe ndiye wa simu? Mjukuu wangu alikuwa anacheka na simu, sasa wiki ya pili hachekelei hata mbwa. Umekuja na kitabu chenyewe?"

"Ninacho, bibi, lakini..."

"Kisome. Pale anapowaonyesha njia."

Ikupa akamgeukia Joachim. Joachim akatazama pembeni. Hakukuwa na pa kukimbilia. Akafungua, akasoma, na sauti yake ile kubwa ikawa inakatika. Katika riwaya, yule mtu alikwenda bomani mwenyewe usiku, akaahidiwa ng'ombe kumi na nguo nyekundu, akatangulia mbele akiwa amevaa ile nguo. Alipomaliza sura, Bibi Verediana alikuwa anatikisa kichwa.

"Ng'ombe kumi! Babu yangu angekuwa na ng'ombe kumi mimi ningezaliwa kwenye nyumba ya nyasi? Sikiliza, binti. Askari walikuja hapa, wakakamata watoto wake wawili, wakawafunga kamba moja shingoni. Wa kiume alikuwa baba yangu, Kalinga. Wa kike alikuwa dada yake. Wakamwambia, onyesha njia au tunaivuta. Akaonyesha. Ndiyo, aliwaonyesha, na watu walikufa kule, hatulifichi hilo mbele za Mungu. Lakini kamba waliivuta hata hivyo. Baba alipona, ana alama hapa mpaka anazikwa. Yule wa kike hakupona. Jina lake nyumba hii hatulitaji, maana baba akilisikia alikuwa analia kama mtoto."

Ikupa alikuwa analia waziwazi, kamasi na machozi pamoja, wala hakutafuta leso. Joachim alikuwa amesimama mlangoni. Hii habari ya kamba ilikuwa haijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile.

"Nitakitoa kwenye rafu, bibi," akasema Ikupa. "Kesho hiyohiyo."

"Ukitoe ili waseme tumekwenda kukificha? Kiache! Mwandishi hakufika hapa, nani angemwambia? Wewe umefika. Andika kadi nyingine, na uniandikie hapahapa nikisikia, nisije nikaletewa za basi tena."

Ikupa akaandika akiwa amekaa kwenye kigoda, daftari gotini. Aliandika, akafuta, akaandika. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na neno la kumchekesha mtu. Ulipofika wakati wa kusoma, Bibi alimfanya arudie mara tatu.

"Riwaya ya vita vya Wajerumani huko Uhehe. Isome, imeandikwa vizuri. Mwandishi anasema ng'ombe kumi. Wajukuu wanasema kamba moja na watoto wawili. Mimi niliwahi kuandika hapa nisichokijua, nikaenda, nikaambiwa."

"Hiyo," akasema Bibi. "Sasa mpeni huyu ugali, amekonda."

Alilala chumba cha Bibi. Joachim hakusema mengi jioni ile. Alimletea maji ya kuoga, akamwambia "Usiku mwema," basi. Ikupa alikosa raha kuliko hata zile siku za simu. Amesamehewa na Bibi. Na huyu je? Asubuhi alikuta tenga limekwishapigiliwa na mwenyewe yuko shambani. Saa tano akaaga, akashuka barabarani peke yake. Basi la Mbeya likaja, akapanda, akakaa dirishani. Ndoo zikapanda juu. "Dada, nyanya! Dada, usinipite!"

"Ikupa!"

Alikuwa anakuja mbio kutoka njia ya kilimani, ndoo nyekundu mkononi, jaketi linapepea. Akawapenya wenzake, akaiinua ndoo mpaka dirishani.

"Mimina!"

"Joachim, basi linaondoka..."

"Mimina uone za chini!"

Ikupa akaimimina yote mapajani, mbele ya abiria wote. Nyanya zikaenea kwenye sketi ya njano, nyingine zikabingirika mpaka miguuni kwa jirani. Alizigeuza moja moja. Za chini zilikuwa kama za juu, nyekundu, ngumu, hakuna hata moja iliyopondeka.

"Unaonaje?" Joachim akapaza sauti. Dereva alikuwa ameshatia gia.

"Nzima zote!"

"Basi nijibu!"

"Bado kimoja, hujamaliza orodha!"

"Nipe hicho kimoja!"

Basi likaanza kusogea, naye akaanza kukimbia pembeni yake, buti zikipiga lami. Ikupa akatia mkono kwenye mkoba, akatoa cha kumi na mbili, akajitokeza dirishani nusu mwili. Konda akafoka. Yeye akakirusha kwa nguvu zake zote.

Joachim akakidaka kwa mikono miwili.

"Kisome pole pole!" Ikupa akapiga kelele. "Jibu ni ndiyo! Walete watu!"

Sijui kama maneno ya mwisho yalifika, kwa vile basi lilikuwa limeshachanganya. Aliyekuwa nyuma barabarani alionekana amesimama, kitabu kakiinua juu, anaruka ruka na buti zake. Ikupa akarudi kitini, akafuta uso, akaanza kuokota nyanya zake chini ya siti za watu, na abiria wakamsaidia.